Kuongeza Moja na Kupunguza Moja: Uchambuzi wa Alama Mbili za JavaScript

Katika lugha zote ambazo kompyuta huamrishwa kwazo, hapana tendo lililo dogo kuliko kuongeza moja juu ya nambari iliyokuwapo, wala hapana linalofanyika mara nyingi zaidi yake. Kwani kila panapohesabiwa kitu, kiwe ni kurasa zilizofunguliwa au masanduku ya nyanya yaliyopakiwa katika lori, hesabu hiyo haiendi mbele illa kwa moja baada ya moja. Ndiyo sababu JavaScript, ambayo leo imo ndani ya kivinjari cha karibu kila simu na kila kompyuta, imelitengea tendo hilo alama yake mahsusi: jozi ya alama za kujumlisha, ++, kwa kuongeza, na jozi ya alama za kutoa, --, kwa kupunguza. Mtu azionapo mara ya kwanza hudhani kwamba zimekwisha eleweka kabla ya kuelezwa. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Nashika ya kuwa kila moja ya alama hizi ni matendo manne yaliyofungwa pamoja, yaani kuisoma thamani iliyopo, kuigeuza iwe nambari kama haikuwa nambari, kuongeza au kupunguza moja na kuiandika mahali pake, kisha kutoa jibu. Na kwamba karibu ajabu zote zinazosimuliwa juu yake huzaliwa pale mwandishi wa programu anapolikumbuka tendo la kuongeza na kuyasahau yale yaliyofungwa pamoja nalo.

Vijana wa Werugha, na wa milima ya Taita kwa jumla, huzifikia alama hizi kwa njia isiyowatayarisha kuzipokea. Aliyesoma Masomo ya Kompyuta katika shule ya upili ya Kenya miaka ya nyuma alifunzwa Pascal na Visual Basic, na katika lugha hizo kuongeza moja aghalabu huandikwa kwa urefu wake wote, kwamba kigeu fulani kiwe sawa na thamani yake yenyewe pamoja na moja. Mdogo wake, anayesoma katika zama hizi baada ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya kuidhinisha mwaka 2022 mtaala wa uandishi wa programu wa Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili, aghalabu hukutana kwanza na Python, nayo Python haina alama hizi kabisa. Tena, akiandika ++x katika Python hakemewi: lugha ile huzisoma alama mbili kama ishara mbili za nambari chanya zilizofuatana, ikamrudishia x kama ilivyokuwa, na hesabu ikakaa palepale. Hivyo kijana atokaye Werugha kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta huko Ngerenyi, au anayejifunza mwenyewe kwa simu yake, akiifikia JavaScript huikuta alama ambayo hakuizoea, akaambiwa kwa haraka kuwa ni ufupisho wa kuongeza moja, akaendelea na safari. Ufupisho huo si kweli, kama itakavyobainika.

Asili ya alama hizi ni ya zamani kuliko JavaScript kwa robo karne. Ken Thompson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell Labs huko Marekani, alizibuni alipokuwa akiitunga lugha ya B baina ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, na ndiye aliyeweka hitilafu kati ya alama inayotangulia kigeu na ile inayokifuata. Wengi wamezoea kusema kwamba alizibuni kwa kuwa kompyuta ya PDP-11 ilikuwa na uwezo wa kuongeza anwani za kumbukumbu yenyewe kwa yenyewe. Lakini Dennis Ritchie, mwenzake aliyeikuza B hata ikawa C, aliandika mwaka 1993 kwamba jambo hilo haliwezekani, maana B ilipotungwa PDP-11 ilikuwa haijawako. Alichokubali ni kuwa PDP-7, mashine waliyoanza nayo, ilikuwa na nafasi chache za kumbukumbu zenye tabia hiyo, na yumkini ndizo zilizomtia Thompson wazo; ila sababu yenye nguvu zaidi, kwa dhana ya Ritchie, ni kwamba amri za mashine zilizotokana na ++x zilikuwa chache kuliko zile za x=x+1, na katika zama zile za kumbukumbu haba kila amri iliyookolewa ilikuwa mali.

Kutoka B alama zikarithiwa na C. Kutoka C zikaingia C++, ambayo tangu 1983 imezibeba hata katika jina lake. Kisha zikaingia Java. Na Brendan Eich alipoitunga JavaScript kwa siku 10 katika mwezi wa Mei 1995, akiwa mtumishi wa Netscape na akitakiwa lugha yake ifanane na Java kwa sura, alizichukua pamoja na mabano na nukta-mkato. Sura ilitoka Java, ilhali tabia ya batini ilikuwa ya lugha isiyokitaka kigeu kitangaze mapema kitabeba thamani ya aina gani. Na katika makutano ya hayo mawili ndipo yalipozaliwa mengi tutakayoyatazama. Sheria zake ziliandikwa rasmi katika kiwango cha ECMA-262, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwezi wa Juni 1997, na tangu siku hiyo hapana tabia ya alama hizi iliyoachwa ibahatishwe.

Tuanze na jibu, ijapokuwa ni tendo la mwisho, maana ndilo linalotangulia kufunzwa. Kigeu idadi kikiwa na 7, ++idadi hukifanya kiwe 8 na hutoa jibu la 8. Nayo idadi++ hukifanya kiwe 8 vilevile, lakini jibu lake ni 7, thamani iliyokuwapo kabla. Karani wa ghala anayekupa stakabadhi yenye nambari iliyo juu ya kitabu, kisha akafunua karatasi ya pili, amefanya kama idadi++. Yule anayefunua kwanza ndipo akupe, amefanya kama ++idadi. Na vitabu vyao wote wawili, tendo likiisha, vimefunuka mahali pamoja. Kwa kigeu chenyewe, basi, hapana tofauti, na tofauti yote imo katika kile kinachokabidhiwa sentensi iliyoizunguka alama. Ikiwa alama imesimama peke yake katika mstari, au imo katika sehemu ya tatu ya kitanzi cha for, mahali ambapo jibu lake halichukuliwi na yeyote, hapana sababu ya kushindania iliyo bora. Wapo wanaoshikilia hata leo kwamba ile ya kutangulia ni ya haraka zaidi; hoja hiyo ilikuwa na uzito katika C++ kwa vitu vilivyo vikubwa, lakini injini za JavaScript za zama hizi huliona jibu lisilotumika zikaliacha.

Pale jibu linapotumika, hata hivyo, hitilafu ni kubwa, na upande wa kupunguza ndio unaoidhihirisha zaidi. Katika kitanzi kinachoanza kwa while (n--), n ikiwa 3, mwili wa kitanzi utaziona thamani 2, 1 na 0, kisha kitanzi kitasimama na n itakuwa imeshuka hata hasi moja, kwa sababu mara ya mwisho jibu lilikuwa 0, likasimamisha, lakini kupunguza kulikuwa kumekwisha fanyika. Alama ikihamishwa ikawa while (--n), mwili utaziona 2 na 1 tu, na n itabaki 0. Khatari kubwa inatokea n inapoanza ikiwa 0: ile ya kwanza husimama mara moja kama inavyostahili, na hii ya pili hushuka hadi hasi moja, ambayo kwa JavaScript ni kweli wala si uongo, ikaendelea kushuka hasi baada ya hasi wala isifike mwisho kamwe. Kuhamisha alama kutoka nyuma ya kigeu hadi mbele yake kumeigeuza programu iliyo sahihi ikawa programu isiyokoma.

Liko swali ambalo wanafunzi hulipenda, nalo ni kuwa i = i++ hufanya nini. Katika C, swali hili halina jawabu: kiwango cha lugha hiyo kimeiacha tabia yake bila ya fasili, na mfasiri wa C ana ruhusa ya kufanya atakalo. JavaScript ilichagua njia nyingine, nayo kwa maoni yangu ni njia ya heshima: kila usemi hutekelezwa kutoka kushoto kwenda kulia, hatua kwa hatua, katika injini zote na mashine zote. Kwa hiyo i ikiwa 1, i++ huisoma 1, huandika 2 katika i, hutoa jibu la 1, kisha alama ya sawa huiandika ile 1 ndani ya i, na i hurudi ilipokuwa kana kwamba hapakutendeka kitu. Kadhalika i++ + ++i, i ikianza na 1, ni 4 daima: upande wa kushoto umetoa 1 na kuiacha i ikiwa 2, upande wa kulia umeipandisha hadi 3 na kuitoa hiyo 3. Sisemi kwamba mtu aandike hivyo. Nasema kwamba aliyeandikiwa hivyo na mwenzake, akiketi na kalamu na kuyafuata matendo manne kwa taratibu yake, atalipata jawabu kwa yakini, jambo ambalo mwandishi wa C hawezi kuahidiwa.

Tendo la pili, lile la kugeuza, ndilo lenye mengi, na ni haki yake likaliwe zaidi. Tuseme kwamba kikundi cha wakulima wa Werugha kinaandikiwa programu ndogo ya simu ya kuhesabu masanduku ya kabichi, nyanya na viazi yanayoteremshwa kwenda Voi na Mombasa. Nambari inayoandikwa na mkulima katika kisanduku cha ukurasa haifiki katika programu kama nambari. Hufika kama maandishi, hata ikiwa ni tarakimu tupu. Kadhalika kile kinachohifadhiwa katika kumbukumbu ya kivinjari kwa localStorage, ili hesabu isipotee mtandao unapokatika, huhifadhiwa kama maandishi na husomwa kama maandishi. Basi tuchukue kigeu chenye maandishi "12". Mwandishi akisema kigeu + 1, JavaScript huona upande mmoja ni maandishi, ikayaunganisha, na jibu huwa "121". Akisema kigeu += 1, ni hivyo hivyo, "121", na kikundi kimepewa masanduku mia na nane ambayo hayakulimwa na mtu. Lakini akisema kigeu++, kigeu huwa 13, nambari halisi, kwa kuwa sheria ya ++ inaamrisha thamani igeuzwe kuwa nambari kabla ya kuongezwa, wala haina habari ya kuunganisha maandishi. Hata jibu la ile ya kufuatia, ambalo tumesema ni thamani ya zamani, si ile "12" ya maandishi, bali ni 12 ya nambari: ni thamani ya zamani baada ya kugeuzwa.

Hapa ndipo usemi ule, kwamba x++ ni ufupisho wa x += 1, unapovunjika. Katika Java mwanafunzi angeweza kuushika kwa nambari na asidhurike. Katika JavaScript ni kanuni mbili mbalimbali, na ajabu ni kwamba, kwa nambari iliyovaa vazi la maandishi, ile inayoshutumiwa kuwa ya hatari ndiyo inayohesabu sawasawa, na ile inayosifiwa kuwa ya wazi ndiyo inayopotosha.

Hata hivyo, kugeuza huko si kupima. Maandishi "12" yenye nafasi kabla yake au baada yake hugeuka kuwa 12 bila ya matata. Lakini "1,200", kama tunavyoandika elfu katika Kenya, hugeuka kuwa NaN, thamani ambayo JavaScript hutumia kusema kwamba hii si nambari. Na "12 kabichi" ni NaN pia. Ilhali kisanduku kilichoachwa kitupu hugeuka kuwa 0, na baada ya ++ ni 1, kana kwamba mkulima aliyenyamaza alisema ana sanduku moja. Thamani null huhesabiwa kuwa 0, ikaongezwa ikawa 1. Thamani true huhesabiwa kuwa 1, ikawa 2. Safu tupu huwa 1, na safu yenye 7 peke yake huwa 8. Kitu cha kawaida kisicho na nambari ndani yake huwa NaN. Tarehe nayo ina msiba wake: mwanafunzi anayetaka kuipeleka mbele kwa siku moja, akiandika tarehe++, huikuta imekuwa idadi ya milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, pamoja na moja, na ile tarehe yenyewe, na uwezo wake wa kutaja siku na mwezi, imekwisha ondoka katika kigeu. Katika thamani za msingi, ni Symbol peke yake inayokataa katakata na kurusha kosa.

Mtego ulio wa kawaida kuliko yote ni ule wa kigeu kisichokuwapo. Mwandishi anaifungua hesabu kwa kitu kitupu akakiita ghala, kisha kila linapokuja sanduku anaandika ghala[zao]++, akidhani kwamba zao lisilowahi kutajwa litaanzia sifuri lenyewe. Haliwi hivyo. Kisomwacho ni undefined, nayo undefined hugeuka kuwa NaN, na NaN ukiiongeza moja ni NaN, na kila sanduku lifuatalo ni NaN. Wala hapana kosa linalorushwa, wala programu haisimami. Fauka ya hayo, ghala likihifadhiwa kwa JSON, kama ilivyo desturi ya programu nyingi, NaN haiandikiki katika JSON, ikaandikwa null badala yake; na asubuhi ya pili, ghala likifunguliwa tena, null huhesabiwa kuwa 0, na sanduku la kwanza la siku hiyo hulifanya zao liwe 1. Masanduku ya jana yametoweka, na hesabu inayoonekana ni safi na yenye afya. Aibu ya NaN ilikuwa heri, maana ilionekana. Hii ya kujiponya ndiyo inayofika hadi kwenye malipo. Dawa yake ni kuandika ghala[zao] = (ghala[zao] ?? 0) + 1, ambapo alama ya ??, iliyoingia katika kiwango mwaka 2020, hutoa sifuri pale ambapo thamani haipo. Na ni vema zaidi kuyaweka mazao yote kwa sifuri tangu mwanzo, maadamu yanajulikana.

Tendo la kuandika lina masharti machache ambayo nitayapita kwa haraka. Kinachoongezwa sharti kiwe ni mahali panapoweza kuandikwa, yaani kigeu au sehemu ya kitu au nafasi ya safu. Kwa hiyo 5++ hukataliwa kabla programu haijaanza kwenda, na (x++)++ hukataliwa vilevile, kwa kuwa jibu la x++ ni thamani wala si mahali. Kigeu kilichotangazwa kwa const hukubaliwa katika kusomwa kwa programu, kisha hurusha kosa wakati wa kutekelezwa. Lakini kitu kilichofungwa kwa const sehemu zake zaongezeka bila ya kizuizi, kwani kilichofungwa ni jina, si yaliyomo. Alama ya kufuatia hairuhusiwi kutengwa na kigeu chake kwa kuvunja mstari: ++ iliyoanguka katika mstari wa pili huhesabiwa kuwa ni ya kigeu kinachoifuata, si kile kilichoachwa juu. Usemi x+++y husomwa x++ + y, kwa kuwa msomaji wa lugha huchukua alama ndefu kadiri awezavyo. Na katika hati za kawaida za kivinjari, zisizo moduli, mwandishi atakayeandika x<!--y, akitaka kuuliza kama x ni ndogo kuliko kinyume cha y iliyopunguzwa, ataona sehemu yote iliyobaki ya mstari imemezwa, kwa sababu herufi nne zinazoifuata x ni ufunguzi wa maelezo ya HTML, urithi wa miaka ambayo hati zilifichwa kwa vivinjari visivyoijua JavaScript.

Moja ya masharti haya, lakini, lafaa kusifiwa. Katika ghala[chagua()]++, ile chagua huitwa mara moja tu. Mahali hupatikana mara moja, husomwa, huandikwa. Katika ghala[chagua()] = ghala[chagua()] + 1 huitwa mara mbili, na ikiwa kila kuitwa kwake kunaleta zao jingine, programu imesoma kabichi na kuandika juu ya viazi.

Tukumbuke kisha kwamba hesabu ina kikomo. Nambari za kawaida za JavaScript ni za sehemu zinazoelea, za biti 64, nazo huhesabu nambari kamili bila ya kosa hadi 9007199254740991. Ukiiongeza hiyo moja, unapata 9007199254740992. Ukiongeza tena, unapata 9007199254740992, na tena, na tena, kwani nambari inayofuata haina uwakilishi wake. Hapana sanduku la Werugha litakalofika huko, lakini zipo nambari za utambulisho zinazotoka katika seva zinazofika, na kitanzi kinachozipita kwa ++ hakitakoma. Tangu 2020 iko BigInt, isiyo na kikomo hicho, na alama zetu zimeipokea kwa adabu: kigeu chenye 5n kikiongezwa kwa ++ huwa 6n, ilhali += 1 juu yake hurusha kosa, kwa sababu haichanganyi aina mbili za nambari. Hiyo ni mara ya pili ambapo ++ na += zimeachana. Katika safu za baiti, kama Uint8Array, nafasi yenye 255 ikiongezwa moja huandikwa 0, maana baiti haina nafasi ya zaidi. Lakini jibu la ile ++ ya kutangulia ni 256, thamani iliyokokotolewa kabla ya kukatwa, hata mwandishi anayelitumia jibu anashika mkononi nambari isiyokuwako popote katika safu yake.

Kwa ajili ya haya yote wamezuka watu wenye rai kali. Douglas Crockford, katika kitabu chake cha 2008 juu ya mema ya JavaScript, alizilaumu alama hizi kuwa huwavuta waandishi kwenye mtindo wa kubana mambo mengi katika mstari mmoja, na chombo chake JSLint kikawa kinazikemea. ESLint, chombo kingine cha namna hiyo, nayo ina kanuni ya kuzikataza kwa anayetaka. Watungaji wa lugha ya Swift waliziondoa kabisa katika toleo la 3 la mwaka 2016, baada ya kuwa nazo tangu mwanzo. Lugha ya Go ilichagua njia ya wastani: x++ iko, lakini ni sentensi kamili isiyotoa jibu, na ile ya kutangulia haiko.

Mimi naona Go ndiyo iliyoipata haki, na mwandishi wa JavaScript anaweza kujiwekea sharti hilo mwenyewe bighairi ya kuamrishwa na lugha: aiandike alama peke yake, katika mstari wake au katika mahali pake pa kitanzi, na asilichukue jibu lake illa pale ambapo desturi imekwisha kuwa njema, kama katika safu[mwisho++] = kitu. Wale wanaozikataza kabisa na kuagiza += 1 kila mahali wameliondoa tatizo la jibu, ambalo ni dogo, wakaliingiza lile la maandishi kuunganishwa, ambalo katika kurasa za intaneti, zenye visanduku vya kujazwa, ni kubwa zaidi. Kutangulia kugeuza, yaani kuipitisha thamani katika Number na kuiuliza kama ni NaN kabla ya kuipokea katika hesabu, hakuondolewi wajibu na alama yoyote.

Limebaki tendo la kusoma, ambalo nimeliacha mwisho kwa kuwa madhara yake hayaonekani katika programu inayoendeshwa na mtu mmoja. Ndani ya uzi mmoja wa JavaScript, kigeu cha kawaida kikiongezwa kwa ++, hapana kinachoweza kuingia kati ya kusoma na kuandika. Lakini pindi matendo hayo mawili yanapotenganishwa na await, mlango umefunguliwa. Usemi jumla += await leta() huisoma jumla kwanza, kisha hungoja; na kama katika kungoja huko sehemu nyingine ya programu imeiongeza jumla, ongezeko hilo hufutwa pale jibu linaporudi. Ndivyo ilivyo pia kwa makarani wawili wenye simu mbili, mmoja akipakia Werugha na mwenziwe akipakia Wundanyi, wote wakiandika katika hesabu moja iliyo katika seva ya mbali: wa kwanza ameisoma 40, wa pili ameisoma 40 kabla ya wa kwanza kuandika, kila mmoja ameongeza moja kwa ++ isiyo na kosa, kila mmoja ameandika 41, na masanduku mawili yamehesabiwa kuwa moja. Hata nyuzi mbili zinazoshirikiana kumbukumbu moja ndani ya kivinjari hufanyiana vivyo hivyo, na ndiyo sababu kiwango cha 2017 kilileta Atomics.add, inayosoma, kuongeza na kuandika bila ya kukatizwa. Kwa makarani wetu wawili, chombo ni kingine lakini shauri ni lilelile: simu isiisome hesabu na kuiongeza yenyewe, bali ipeleke ombi tu kwamba pameongezeka sanduku moja, na hifadhidata, kwa amri ya SET idadi = idadi + 1, iwe ndiyo peke yake inayosoma na kuandika.